Picha Zilibaki, Mapadre Wakaisha: Makanisa ya Nubia na Michoro ya Kuta Zake

Ukimuuliza mwamini wa Kilimatinde Injili iliwafikia lini Waafrika weusi, atakutajia Bagamoyo na mwaka 1868, kisha atakutajia Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walioingia bara mwaka 1878 wakielekea Tabora na maziwa makuu. Hajakosea, ndivyo imani ilivyotufikia sisi. Ila wapo Waafrika wenzetu waliobatizwa miaka 1,300 kabla yetu. Walijenga makanisa, wakawa na maaskofu wa damu yao, wakatafsiri Maandiko kwa lugha yao, na kwenye kuta za makanisa yao wakachora watakatifu pamoja na nyuso zao wenyewe. Waliishi kando ya Mto Naili, mto ule ule unaotoka Ziwa Viktoria pale Jinja. Leo hakuna parokia hata moja inayoweza kusema imetokana nao moja kwa moja.

Somo letu ni makanisa hayo na michoro yake. Nimelichagua kwa ajili ya mafrateri, ambao katika historia ya Kanisa huiona Afrika ya Aleksandria na Kartago, kisha wanarukishwa moja kwa moja hadi merikebu za Wareno. Nimelichagua pia kwa ajili ya waamini wa parokiani, wanaokaa kila Dominika mbele ya ukuta wenye picha bila kujiuliza aliyeichora alitaka kutufundisha nini.

Nubia ilivyoipokea imani

Nubia ni ukanda wa mto kuanzia Aswan, kusini mwa Misri, hadi kupita pale ilipo Khartoum leo. Katika karne ya 6 palikuwa na falme tatu: Nobadia upande wa kaskazini, mji wake mkuu ukiwa Faras, ambao zamani uliitwa Pachoras, Makuria katikati, yenye mji mkuu wa Dongola, na Alodia kusini, yenye mji mkuu wa Soba. Mwaka 543 hivi, padre aliyeitwa Juliano alifika Nobadia akitokea Konstantinopoli. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 kabla ya Papa Gregori Mkuu kumtuma Augustino kwa Waingereza.

Safari ya Juliano ina kisa chake. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451 ulikuwa umewagawa Wakristo wa Mashariki. Kaisari Justiniani aliushika Mtaguso huo. Mkewe Theodora aliwapendelea walioukataa, na Juliano alikuwa mmoja wao. Yohane wa Efeso, aliyeishi nyakati hizo hizo, anasimulia kwamba mume na mke kila mmoja alituma wajumbe wake, na Theodora akampelekea liwali wa kusini mwa Misri amri ya kuwachelewesha watu wa mumewe. Watu wa mke wakatangulia kufika. Baadaye Kanisa la Nubia likawa chini ya Patriarki wa Aleksandria, pamoja na Wakopti wa Misri.

Kwa hiyo tuseme wazi kwamba hawakuwa katika ushirika kamili na Roma. Lakini tusiishie hapo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenuda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba Bwana wetu Yesu Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Ugomvi wa Kalsedonia kwa sehemu kubwa ulikuwa ugomvi wa maneno, na anayesoma kuta za Nubia haoni imani ya kigeni.

Waarabu walipoiteka Misri walipanda Naili hadi Dongola mara mbili, na wapiga mishale wa Nubia wakawazuia. Mwaka 652 ukafanyika mkataba ulioitwa bakti, ulioleta amani ya muda mrefu sana. Amani hiyo ilikuwa na bei. Kila mwaka Nubia ilitoa watumwa, 360 hivi kwa mujibu wa waandishi wa Kiarabu, nayo ikapokea nafaka, nguo na bidhaa nyingine. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa asiuruke ukurasa huu. Wafalme tutakaowaona wamechorwa chini ya mikono ya malaika ni wa dola hiyo hiyo iliyokuwa ikiwatoa watu hao.

Kanisa chini ya mchanga

Tumezijuaje picha hizi? Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga bwawa kubwa la Aswan. Ziwa la bwawa hilo lingefunika vijiji vya Nubia kwa mamia ya kilomita, hadi ndani ya Sudani. UNESCO ikaziomba nchi za dunia zipeleke wataalamu kuokoa kilichowezekana kabla maji hayajafika.

Wataalamu wa Poland, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, walipewa Faras. Wakati huo Faras ilikuwa kijiji tu, na katikati yake palikuwa na kilima cha mchanga chenye magofu ya ngome ya Kiarabu juu yake. Walichimba kuanzia 1961 hadi 1964. Chini ya kilima walikuta Kanisa Kuu, sehemu kubwa ya kuta zake bado imesimama, mchanga umeijaza ndani kama gunia la mahindi. Mchanga ule ndio uliozilinda picha zisipigwe na jua, upepo wala mkono wa mtu. Walikuta michoro zaidi ya 150. Walikuta pia mawe ya kumbukumbu, moja kwa Kigiriki na jingine kwa Kikopti, yanayosema kwamba Askofu Paulo alilijenga Kanisa hilo mwaka 707. Ndani ya shubaka ukutani palikuwa na orodha ya maaskofu wa Faras, majina 27, pamoja na miaka ya utumishi wao. Majimbo mengi ya kale ya Ulaya yangeionea wivu orodha kama hiyo.

Kazi ya kuzitoa picha ukutani iliongozwa na mchongaji na mtaalamu wa uhifadhi, Józef Gazy. Wenzetu wa Manyoni na Itigi wanaorina asali watafurahi kusikia alivyofanya: alitumia nta ya nyuki. Nta ilichanganywa na utomvu mkavu wa msonobari na kuyeyushwa, ikapakwa juu ya karatasi laini sana ya Kijapani iliyobandikwa kwenye picha, kisha ikapigwa pasi ya moto ili izame ndani ya rangi. Ilipopoa, picha na karatasi vikawa kitu kimoja. Ndipo mafundi wakaikata lipu taratibu kwa msumeno kutoka ukutani, wakalaza kipande juu ya ubao na kukifunga kwenye sanduku. Zaidi ya michoro 100 iliondolewa kwa njia hiyo wakati maji yakisubiriwa. Kwa makubaliano na Sudani, zaidi ya 60 ilipelekwa Warsaw, ambako tangu 1972 ina ukumbi wake katika Makumbusho ya Taifa. Iliyobaki iliwekwa Khartoum. Kanisa lenyewe limo chini ya ziwa.

Makanisa ya vijiji nayo yalikuwa na zamu yake. Waholanzi walichimba Abdallah Nirqi, upande wa Misri, na michoro ya kanisa lake ikapelekwa Makumbusho ya Kikopti huko Cairo. Waitalia wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Sergio Donadoni, walichimba kanisa dogo la Sonqi Tino mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo, kati ya watakatifu, alichorwa mfalme aitwaye Georgios. Picha za Sonqi Tino nazo ziligawanywa, nyingine Khartoum, nyingine Roma. Mfrateri atakayebahatika kusoma Roma anaweza kwenda kwa miguu kuziona, na namshauri afanye hivyo kabla ya kumaliza filamu zote za mtandaoni.

Kigango cha udongo

Faras lilikuwa Kanisa Kuu. Lakini Mnubi wa kawaida hakusali kwenye Kanisa Kuu. Alisali kijijini kwake, katika kanisa lenye ukubwa wa kigango. Karibu kila kijiji kilikuwa na kanisa, na vingine vilikuwa na zaidi ya moja.

Lilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo wa mto. Mbao ni adimu katika nchi ile, kwa hiyo hawakuezeka kwa nguzo na fito kama Wagogo wanavyoezeka tembe. Waliinamisha matofali tao kwa tao, kila tao likiegemea lililotangulia, hadi dari likafunga bila kuhitaji ubao wa kulishikilia. Mafundi wa ujenzi duniani wanaliita dari la Kinubi hadi leo. Matokeo yake chumba kilikuwa chembamba, chenye nguzo nene na madirisha madogo juu. Mwanga ulikuwa kidogo. Mtu aliyeingia kutoka kwenye jua kali ilibidi asubiri kidogo macho yazoee, na ndipo nyuso zilipoanza kujitokeza ukutani moja baada ya nyingine. Picha hizi hazikuchorwa ili zionwe kwa taa kali za makumbusho.

Juu ya tofali lilipakwa udongo laini au lipu ya chokaa. Ilipokauka, mchoraji akachora kwa rangi zilizochanganywa na gundi: wekundu na manjano ya udongo, weusi wa mkaa, weupe wa chokaa, rangi nyingine zilitumika kwa uchache zaidi. Anayetoka Singida au Kondoa ataitambua orodha hiyo, maana wekundu wa udongo ndio huo huo ulioko kwenye miamba ya Kolo. Kwa kuwa rangi ilikaa juu ya lipu kavu na haikuzama ndani yake, ilikuwa rahisi kubanduka. Ndiyo sababu Gazy alihitaji nta.

Kuusoma ukuta

Papa Gregori Mkuu alipata kumwandikia Askofu Sereno wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani kwake, akimkumbusha kwamba asiyejua kusoma kitabuni husoma ukutani. Nubia iliishi somo hilo kwa namna ya pekee. Wakati makaisari wa Konstantinopoli walipokuwa wakiharibu picha takatifu katika karne ya 8, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787 kuzitetea, Nubia ilikuwa nje ya dola yao. Wachoraji wa Faras waliendelea na kazi. Kwa hiyo picha kadhaa za Faras ni za nyakati ambazo sehemu kubwa ya Mashariki imebaki na picha chache sana.

Tuingie kanisani. Katika ukuta wa duara nyuma ya altare ndipo alipokaa Kristo katika utukufu au Mama Bikira Maria, na chini yao mitume wamesimama kwa safu. Milango ililindwa na malaika wakuu. Palikuwa na watakatifu askari juu ya farasi, kama Mtakatifu Epimako wa Abdallah Nirqi. Na karibu kila mahali palikuwa na vijana watatu katika tanuru ya moto, wale wa kitabu cha Danieli, wamesimama na kuinua mikono, Malaika Mikaeli akiwa nyuma yao ametandaza mbawa. Kwa nini Wanubi waliipenda sana simulizi hii? Walikuwa taifa dogo la Kikristo lililozungukwa na dola kubwa zisizo za Kikristo, na vijana wale walikuwa wachache mbele ya mfalme mkubwa. Nadhani jibu limo humo.

Katika mchoro mkubwa wa Kuzaliwa kwa Bwana kutoka Faras, mamajusi wanakuja juu ya farasi, na wachungaji wawili wameandikiwa majina yao kama watu wanaojulikana kijijini. Injili ya Luka haiwataji majina. Kwa wafugaji, mchungaji asiye na jina ni mgeni, na mgeni hawezi kuachiwa kukaa karibu na mtoto mchanga. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi.

Upande wa kaskazini wa kanisa la Faras ulikuwa na watakatifu wanawake wengi, na wataalamu wengi wanafikiri wanawake walisali upande huo. Hapo alikuwapo Maria akimnyonyesha Mtoto. Hapo pia alikuwapo Mtakatifu Ana, mama yake Maria, katika mchoro ambao leo unajulikana kuliko yote ya Nubia. Umebaki uso na mkono. Macho ni makubwa, yanamtazama anayemtazama, na kidole kimoja kimewekwa kwenye midomo. Wengine husema anaomba kimya kimya, wengine husema anatuagiza tunyamaze mbele ya fumbo. Mama aliyekaa miaka mingi bila mtoto, kama mapokeo yanavyosimulia, naye akapewa kumzaa Mama wa Mungu, amechorwa mahali ambapo wanawake wa Faras walileta maombi yao ya uzazi. Huhitaji kuwa profesa kuona aliwekwa pale kwa ajili ya nani.

Sasa tutazame rangi ya nyuso. Kristo, Maria, mitume na malaika wana nyuso nyeupe au za rangi hafifu, kama zilivyochorwa Misri na Konstantinopoli. Wanubi wana nyuso za hudhurungi. Askofu Petro wa Faras, wa mwisho wa karne ya 10, amesimama katika mavazi ya ibada, uso mweusi na mkali kidogo, na nyuma yake Mtume Petro, mweupe na mwenye mvi, amemwekea mikono mabegani. Askofu Mariano, aliyekufa mwaka 1036, amechorwa pamoja na Mama Bikira Maria na Mtoto. Martha, mama wa mfalme, naye yuko chini ya ulinzi wa Maria. Na ieleweke kwamba Nubia cheo cha mama wa mfalme kilikuwa kikubwa, maana mara nyingi ufalme ulipita kwa mtoto wa dada.

Kwetu huwa tunabishana kama Yesu achorwe mweusi au mweupe, na mabishano hayo yana nafasi yake. Wanubi hawakulibadilisha umbo walilolipokea. Walichofanya ni kuingia wenyewe ndani ya picha. Mtakatifu alibaki wa Galilaya au wa Roma, lakini mabega yaliyobeba mikono yake yalikuwa ya Kinubi, na jina limeandikwa kando ili mtu asiulize ni nani. Binafsi naona njia hii ina nguvu kuliko kumvalisha Mtume Petro lubega. Inasema kwamba neema imewekwa juu ya huyu, wa hapa, tunayemjua.

Waamini wadogo nao waliingia ukutani, bila mchoraji. Walikwangua majina yao kwenye lipu. Huko Banganarti, kijiji kisicho mbali na Dongola, wachimbaji wa Poland chini ya Bogdan Żurawski walikuta kanisa la hija la Malaika Mkuu Rafaeli lenye maandishi ya mahujaji karibu 1,000. Wengi huandika jina, kazi au cheo, na ombi fupi kwa Rafaeli. Lugha ni Kigiriki na Kinubi cha kale, mara nyingi vimechanganyika katika sentensi moja, kama sisi tunavyochanganya Kigogo na Kiswahili. Kimo hata kiandiko cha mtu mmoja kutoka kusini mwa Ufaransa, kwa lugha ya Kiprovensa. Watunza sakristia wa leo wangewafukuza wote hao kwa fimbo, na historia ingepoteza watu 1,000.

Tabaka juu ya tabaka

Jambo moja la kiufundi linatuhusu moja kwa moja. Kuta za Faras zilipakwa lipu zaidi ya mara moja. Picha zilipochakaa, kizazi kilichofuata hakikuzikwangua. Kilipaka lipu mpya juu yake na kuchora upya. Mahali pengine wachimbaji walikuta picha juu ya picha juu ya picha, karne tatu katika unene wa vidole. Waliofunika picha za zamani walizihifadhi bila kukusudia.

Sisi tunafanya kinyume. Makanisa mengi ya misheni katika nchi yetu yana michoro ya ukutani iliyofanywa na mapadre, mabruda au mafundi wa kienyeji. Jubilei inapokaribia, kamati ya ujenzi hukaa, fundi huletwa na msasa na ndoo ya rangi ya mafuta, na kwa siku mbili ukuta unang'aa. Rangi ya mafuta juu ya lipu ya chokaa au udongo huuziba ukuta usipumue; unyevu ukikosa njia hubandua lipu yote, picha na rangi mpya kwa pamoja. Msasa ndio hauachi kitu kabisa. Basi kabla ya fundi kuingia, mtu wa jumuiya apige picha kila ukuta kwa simu, wazee waulizwe aliyechora ni nani na waliochorwa ni akina nani, majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha parokia. Ikibidi kufunika, ifunikwe kwa chokaa. Hakuna gharama hapo inayozidi ya ndoo moja ya rangi.

Wala jumba la makumbusho si mwisho wa hatari. Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na Makumbusho ya Taifa ya Sudani, palipowekwa michoro ya Faras iliyobaki nyumbani, yalijikuta katikati ya mapigano na hazina zake nyingi zikaibwa.

Jinsi lilivyokwisha

Swali linalobaki ni gumu zaidi. Kanisa lililodumu karibu miaka 900, lenye maaskofu weusi, lugha yake na kuta kama hizi, lilikwishaje?

Sababu za nje zinajulikana. Kuanzia karne ya 13 watawala Wamamluki wa Misri waliingilia ugomvi wa urithi wa wafalme wa Makuria. Mfalme Daudi alishambulia bandari yao ya Aidhab kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka 1276 jeshi la Sultani Baibars likaiteka Dongola. Mwaka 2023 wachimbaji waliokuwa chini ya Artur Obłuski walitangaza kwamba wamepata Dongola vyumba vidogo vyenye michoro. Katika mmoja, mfalme wa Nubia anaubusu mkono wa Kristo huku Malaika Mikaeli amemfunika kwa mbawa, na maandishi ya karibu yanamwombea mfalme Daudi na mji. Huenda ni sala ya mji uliokuwa unaona vumbi la jeshi likija. Mwaka 1317 ukumbi wa enzi wa Dongola uligeuzwa msikiti, na jiwe la kumbukumbu lipo. Makabila ya Waarabu wafugaji yakaendelea kuingia, yakaoana na wenyeji, na watoto wakafuata dini ya baba zao.

Lakini imani haikuzimika siku moja. Huko Qasr Ibrim, ngome iliyokuwa juu ya mlima kando ya Naili, wachimbaji wa Uingereza walifukua katika miaka ya 1960 mwili wa askofu aitwaye Timoteo, umezikwa na mavazi yake. Pamoja naye zilikuwapo hati mbili za kukunja, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita tano, moja kwa Kikopti na nyingine kwa Kiarabu: barua za kuwekwa kwake wakfu mwaka 1371 na Patriarki wa Aleksandria kuwa askofu wa Ibrim na Faras. Alisafiri hadi Cairo kuwekwa wakfu, akarudi na barua zake, na akazikwa nazo. Faras aliyopewa kuichunga huenda tayari ilikuwa na mchanga hadi kiunoni mwa watakatifu. Maandishi yanaonyesha bado kulikuwa na mfalme Mkristo, Yoeli, mwaka 1484, katika ufalme mdogo uliobaki.

Hapa ndipo naona udhaifu wa ndani. Kanisa la Nubia lilikuwa na mapadre wenyeji, maaskofu wenyeji, Maandiko kwa lugha ya wenyeji. Lakini kila askofu alitegemea Patriarki wa mbali, na njia ya kwenda kwake ilipita katika nchi ya watu wengine. Njia ilipokuwa ngumu, na Wakopti wenyewe wa Misri wakiwa katika mateso, maaskofu wakapungua. Bila askofu hakuna upadrisho. Na bila padre hakuna Ekaristi.

Padre Mreno Francisco Álvares alikaa Uhabeshi kuanzia 1520 hadi 1526. Mtu mmoja wa Siria aliyekuwa amefika Nubia alimsimulia kwamba bado kulikuwa na makanisa 150 yenye misalaba, na picha za Mama Bikira Maria na nyinginezo zimechorwa ukutani, zote za zamani. Watu wa huko, alisema, hawakuwa tena Wakristo wala Waislamu wala Wayahudi, ila walikuwa na hamu ya kuwa Wakristo. Álvares mwenyewe alikuwapo kwenye kambi ya mfalme Lebna Dengel ujumbe wa Wanubi ulipofika. Hawakuomba silaha. Waliomba mapadre na watawa wa kuwafundisha. Mfalme akawajibu kwamba hata yeye askofu wake humpata kutoka kwa Patriarki wa Aleksandria. Angewezaje kuwapa wengine kile ambacho yeye mwenyewe anapewa na mtu mwingine? Ujumbe ukarudi Nubia kama ulivyokuja.